Zabibu-mwitu na Kopo la Furu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Jumamosi iliyopita, nje ya soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, nilimkuta mama mmoja ametandika gunia chini na kupanga makopo ya furu. Nasema furu, tunda la mti wa porini, si wale samaki wa ziwani. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, na bado nikamwomba anipunguzie shilingi 200. Akanyamaza kidogo. Kisha akamimina kopo kwenye mfuko, akaniongezea na tatu za nyongeza, akapokea nilichompa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha.

Kazi ile naijua, nimeifanya utotoni. Mfuru wa porini hakuna aliyeupanda. Jani lake limegawanyika kama vidole vitano vya mkono. Tunda changa ni la kijani lenye vidoa vyeupe. Likiiva linakuwa jeusi, linadondoka. Hapo ndipo unapoinama. Unaokota moja moja, unalipangusa vumbi, lililotobolewa na wadudu unalitupa, unasogea, unainama tena. Nyama yenyewe ni kidogo, kokwa ndiyo kubwa, kwa hiyo kopo moja si mchezo kwa mgongo wa mama mtu mzima.

Jioni nikafungua Isaya 5. Mwenye shamba ametoa mawe, amepanda mzabibu mzuri, amejenga mnara, amechimba shinikizo la kukamulia zabibu, halafu anavuna zabibu-mwitu. Miaka yote nilidhani kosa la zabibu zile ni kuwa za porini. Lakini neno la Kiebrania lililotumika pale asili yake ni kunuka. Mti wa porini haukulaumiwa. Mfuru haukupaliliwa na mtu, na unalisha watoto na ndege. Aliyeulizwa ni mzabibu uliotunzwa.

Na mstari wa 7 unalitaja tunda lililokuwa likitafutwa: Mungu alitazamia hukumu ya haki, akaona dhuluma, alitazamia haki, akasikia kilio. Kwa Kiebrania maneno hayo yanakaribiana sana kwa sauti: mishpat na mispah, tsedaka na tseaka. Ukisikia kwa mbali unaweza kudhani ni lile lile.

Mimi nimepaliliwa, wapendwa. Nimelelewa kanisani, nimeombewa na mama yangu usiku na mchana. Dukani, penye bei iliyobandikwa ukutani, nalipa bila neno. Kwa aliyeketi chini juani ndiko ninakopata ujasiri wa kubishana.

Ee Bwana, mama yule hakulia kwa sauti, nawe ulimsikia. Nisamehe.

Jumamosi hii naenda tena Kirumba. Ile 200 yake nimeiweka kando, pamoja na fedha ya kopo lingine, kwa bei atakayoitaja yeye.