Gari ikiyumba kwenye kona: anza na pine, halafu nyuma

Gari nyingi za okazyo hapa Lubumbashi hazisumbui mjini. Shida hujitokeza ukishashika barabara ya Likasi, kilomita 90 kwa saa, kona ndefu: usukani umeukunja vizuri, lakini gari bado inatafuta njia yake. Fundi atasema ni rotili, kile kiungo cha duara kwenye gurudumu la mbele. Utanunua rotili, na kona inayofuata itakuwa ileile.

Kwanza sikiliza gari inafanya nini. Kama pua inakimbilia nje na unalazimika kuongeza usukani, tafuta mbele. Kama inaingia kwenye kona vizuri, kisha kitambo kidogo baadaye inajikunja zaidi ya ulivyotaka, ukirudisha usukani inayumba upande wa pili, tafuta nyuma. Hii ya pili ndiyo inayowapotosha mafundi, kwa kuwa dereva anaisikia mikononi na kusema "usukani unacheza."

Kabla ya kulala chini ya gari, angalia pine. Upepo unapimwa asubuhi, pine zikiwa baridi, na kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Sedani ndogo nyingi ziko karibu na bari 2.2. Pine yenye 1.6 inalala ubavu kwenye kona, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Halafu soma ubavu wa pine. Gari zinazotoka Japani mara nyingi hufika na pine za theluji: utaona neno STUDLESS, au picha ya mlima wenye chembe ya theluji, na meno yamechanjwa mistari mingi myembamba ya mawimbi. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye joto la mwezi wa kumi la Katanga meno yale yanapinda chini ya uzito, na gari inaelea kama mtumbwi. Hakuna rotili itakayoponya hilo. Soma pia tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT: 1415 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2015. Pine iliyopita miaka 10 iondoe hata kama meno yamejaa. Na zile nzuri zaidi ziende nyuma, si mbele, hata kama injini inavuta mbele. Nyuma ikiteleza wakati wa mvua, dereva wa kawaida hairudishi.

Pine zikiwa safi, nenda nyuma. Corolla za kizazi kilichoanza mwaka 2000 zina ekseli moja ya chuma inayoshikwa na silenbloki 2 kubwa, yaani vishikio vya chuma vyenye mpira ndani. Weka gari juu ya stendi, kriki peke yake haitoshi, kisha sukuma ekseli kwa mtaimbo kando ya kila silenbloki. Mpira uliochanika unafungua mdomo wa mwezi mchanga, na ndani utaona chuma kinachong'aa kwa kusuguana. Kwenye kona uzito unasukuma ekseli nzima ikae mshazari kidogo, na magurudumu ya nyuma yanaanza kugeuza gari bila ruhusa yako. Carina za zamani zina mikono kadhaa ya chuma inayoshika gurudumu kila upande. Kagua mpira wa kila mkono.

Kosa jingine tunalolifanya wenyewe: kuinua gari kwa vipande vya mpira au aluminiamu juu ya springi, kwa sababu ya mashimo. Mikono inabaki imeinama vibaya, na gari ikilala upande, uelekeo wa magurudumu unabadilika. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Kushoto na kulia zikipishana zaidi ya milimita 15, springi imevunjika au kipande kimewekwa upande mmoja.

Mbele ni haraka. Inua gurudumu, litikise likishikwa kushoto na kulia: likicheza, ni vichwa vya usukani, viungo vinavyounganisha usukani na gurudumu. Juu na chini: rotili au beringi. Beringi ya kushoto ikichoka, hunguruma zaidi kwenye kona ya kulia. Usukani usiporudi wenyewe, shuku kiti cha juu cha amotisa (kizuia mtikisiko).

Usipime gari pale malori ya madini yalipochimba mifereji kwenye lami. Kila gari huyumba humo.

Ukibadilisha silenbloki, boliti zake zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gurudumu linaning'inia, mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema. Baada ya hapo fanya paralelisme, yaani kupima na kunyoosha uelekeo wa magurudumu, na udai karatasi yenye namba za magurudumu yote 4. Kwenye ekseli ya chuma, nyuma kwa kawaida hakuna cha kurekebisha: namba zikiwa mbaya na silenbloki ni mpya, ekseli imepinda, itafutwe nyingine.