Siku Moja na Kichujio Kisichojua Uso wa Mtu

Mimi ni mhariri wa picha. Sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kuzigeuza picha za kawaida zionekane kama zimechorwa na mchoraji mashuhuri, na karibu kila ninayemweleza hivyo hucheka na kuniuliza kama kweli nalipwa kwa kubonyeza kitufe. Nimeamua kuieleza siku ya jana kama ilivyokwenda, ili anayecheka aone kinachofuata baada ya kitufe hicho kubonyezwa.

Saa 2:00 asubuhi huwa nimeshaketi. Hupima kwanza rangi za skrini kwa kifaa maalumu, kwa sababu buluu iliyokosewa kidogo hapo inaweza kutoka zambarau kwenye karatasi, kisha hunakili faili za siku iliyotangulia kwenye diski mbili. Hadi saa 4:00 nilikuwa nimemaliza picha 30 za bahari zilizotakiwa zifanane na wimbi maarufu la Hokusai, mchoraji wa Japani, nazo hazikunisumbua.

Saa 4:30 aliingia kijana aliyetumwa na kamati. Walimu wenzake walitaka kumzawadia mwalimu mkuu wao anayestaafu picha yake kubwa ya kutundika ukutani, katika mtindo wa Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, hasa ule wa mchoro wa usiku wenye nyota wa mwaka 1889, ambao wengi wanaujua kwa anga lake linalozunguka kama maji yanayokorogwa. Picha aliyoileta ilikuwa nzuri: mzee mwenye upara, miwani yenye fremu nyembamba, amesimama mbele ya ubao, tabasamu likiwa ndiyo kwanza linaanza. Nilimwambia kwamba ningehitaji siku mbili.

“Kaka, si ni kichujio tu? Hata simu yangu inacho. Kiweke, mimi nakusubiri hapa hapa.”

Nilikiweka kichujio, yaani programu inayoipa picha mtindo wa mchoro mwingine, na hilo lilikuwa kosa langu, kwani sipaswi kumwonyesha mteja hatua ya kwanza. Baada ya sekunde chache upara wa mwalimu ulikuwa umegeuka mwezi. Manjano yote yalijikusanya utosini na kuzungukwa na duara za mwanga, mashavu yakapata miviringo ya anga, na miwani ikayeyukia ndani ya nyusi. Kijana alicheka hadi akaishika meza, na kabla sijamzuia alikuwa ameipiga skrini picha kwa simu na kuituma kwenye kundi la kamati. Majibu yalipoanza kumiminika alinisomea moja baada ya jingine kwa sauti. Mmoja alisema kwamba kompyuta ina ubunifu kuliko mwenye studio. Mwingine aliuliza, ikiwa aliyefanya kazi ni Van Gogh, mimi nadai malipo ya nini.

Swali hilo liliniuma, nami nikalijibu. Nilimweleza kijana kwamba njia hii ilichapishwa mwaka 2015 na watafiti watatu wa Ujerumani, Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge, na kwamba mchoro huo huo wa usiku ulikuwa miongoni mwa mifano yao, wakiupachika kwenye picha ya nyumba zilizo kando ya mto. Mtandao wa neva bandia, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, hupima ni rangi na michirizi gani huandamana katika mchoro, lakini hauhifadhi mahali vilipokuwa. Unajua kwamba manjano hupenda kuzungukwa na duara. Haujui kwamba duara hizo ni za mwezi na kwamba mwezi hukaa angani. Mwaka 2016 wengine walipata njia ya kuufundisha mtandao mtindo mmoja mapema, ili picha itoke kwa sekunde badala ya kusubiriwa kwa muda mrefu, na tangu hapo watu wameamini kwamba kazi yenyewe ni ya sekunde. Kisha nikamwonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulitambua: katika mchoro ule wa usiku hamna uso wa mtu hata mmoja. Kuna kijiji, vilima, mti wa msaipresi na anga. Tulikuwa tumekiomba kichujio kichore uso kwa kutumia mchoro ambao haukuwa na la kukifundisha juu ya nyuso.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kamati inauliza kama itakuwa tayari kabla ya saa 7:00.

Niliuacha mchoro wa usiku ubaki kwenye ubao tu, na kwa ajili ya kichwa nikachukua picha ambayo Van Gogh alijichora mwenyewe mwaka huo huo wa 1889, iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay mjini Paris. Ndani yake mandhari ya nyuma yanazunguka, lakini usoni mipigo ya brashi ni mifupi na inafuata umbo la uso. Aliyechora alijua mahali pa kuliachia anga na mahali pa kulizuia, na uamuzi huo ndio ninaoulinda kwa mkono, kwa kalamu ya kidijitali, nikifunika na kufunua tabaka moja juu ya jingine. Miwani peke yake ilikula zaidi ya saa nzima, kwa sababu kila nilipoirudisha fremu, macho yaliyokuwa nyuma yake yalibaki ya mchoro na kioo kikabaki cha kamera.

Kijana hakuondoka. Kamati ilisema iongezwe Van Gogh. Nikaongeza. Ikasema mwalimu anaonekana mgonjwa, kwa kuwa kijani kilikuwa kimeingia shavuni. Nikapunguza. Mmoja akataka nyota tatu, mwingine akasema nyota si heshima kwa mtu wa umri wake, na kijana akawa ananiletea amri mbili zinazopingana katika pumzi moja. Sikumbuki aliondoka saa ngapi. Nakumbuka kwamba bega lilikuwa limekaza na taa za nje zilikuwa zimewaka nilipofika kwenye tabasamu, ambalo kichujio kilikuwa kimelifuta kabisa, labda kwa sababu lilikuwa mstari mmoja mwembamba usiofanana na chochote katika mchoro wa Van Gogh. Nililirudisha mpigo kwa mpigo, nikiitazama picha halisi kando, hadi mzee akaonekana tena kama mtu anayekaribia kusema neno.

Niliituma usiku. Jibu lilikuja upesi: kamati imeridhika, ila inaomba pia ile ya kwanza yenye mwezi, iwachekeshe watu siku ya sherehe. Nilijibu kwamba faili hiyo nimeifuta, na ni kweli nilikuwa nimeshaifuta. Yule ni mtu anayeagwa baada ya kazi ya miaka mingi, na picha inayotoka mezani kwangu inapaswa kuwa yake. Nilizima mashine nikaketi gizani kwa muda, macho yakiendelea kuona miviringo ukutani.