Daftari la kuni lililomgeuza bosi

Kiwanda chetu cha chai ni kidogo, kipo Mufindi, na hesabu zake nazishika mimi. Mwaka 2022, serikali ya Tanzania ilipotoa kanuni za biashara ya kaboni, bosi aliniita ofisini. "Dada, nasikia watu wanauza hewa. Hebu fuatilia, sisi tunapata nini?"

Nilifuatilia, nikarudi mnyonge. Mradi unaouza kaboni husajiliwa, na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Unalipwa kwa tani ya hewa ya kaboni, tena tani ambayo kweli haikutoka. Lazima uoneshe ungetoa moshi kiasi gani kama usingebadilika, nasi hatukuwa na rekodi hata ya wiki moja. Halafu kuni zetu ni milingoti, yaani mikaratusi, ya kupandwa. Ukikata unapanda, kwa hiyo kaboni yake inahesabiwa kwamba miti mipya itaifyonza. Kaboni iliyobaki ya kuuza ni ya dizeli ya jenereta: kila lita inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Gharama ya mkaguzi wa nje ingemeza fedha yote.

Bosi alikata tamaa siku hiyohiyo. Mimi nikabaki na daftari nililokuwa nimelifungua: kuni zilizoingia, dizeli, kilo za chai iliyokauka.

Aliyenifumbua macho ni mzee wa Kihehe, fundi wa boila, mtambo wa mvuke wa kukaushia chai. Asubuhi moja ya ukungu alisukuma gogo tanuruni, akaniita nichungulie. Povu lilikuwa linachuruzika kwenye ncha ya gogo, linachemka, linalia fiii. "Unaona, binti yangu? Hapa hatukaushi chai. Tunachemsha maji ya kuni."

Gogo bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto ukiishia kwenye maji hayo, mvuke wa boila unapungua, majani yanachelewa kukauka, zamu inarefuka, na umeme ukikatika katikati ya zamu hiyo ndefu jenereta inakunywa dizeli. Daftari lilionesha hayo yote, ila ilikuwa lazima nilisome nikiwa naye.

Nilimwomba bosi bati na nguzo za banda la kukaushia kuni. Akakataa. Nikamwomba wiki mbili tu, tukachoma kuni zilizopasuliwa na kukaa kavu ghalani. Badala ya trekta nne kwa siku zilitosha tatu. Nilimwekea kurasa mezani, za wiki mbichi na za wiki kavu, nikanyamaza. Wanunuzi wa nje nao walikuwa wameanza kudai rekodi za nishati, na sasa tulikuwa nazo. Banda likajengwa kabla ya masika.

Kanuni za kaboni nazithamini, maana ndizo zilizotufanya tuanze kupima. Ila natamani viwanda vidogo vya nyanda hizi visajiliwe kwa pamoja, vigawane gharama ya mkaguzi. Peke yetu hatufiki.

Siku hizi mzee hapokei kuni bila kugonganisha vipande viwili. Vikilia kwa ukavu, anaitikia kwa kichwa. Visipolia, trekta inageuza.