Siku moja ya kuyachunga madoa ya jua, Entebbe

Saa moja asubuhi huwa nimekwisha kufika kazini hapa Entebbe, na kwanza nasoma utabiri wa siku tatu wa hali ya jua, wa kituo cha Boulder, Marekani, unaotolewa saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu. Humo mna uwezekano wa milipuko ya jua ya daraja la kati, M, na la juu kabisa, X, ambalo huanzia penye nguvu mara kumi ya mwanzo wa M.

Saa mbili nafungua picha za SDO, setilaiti ya kulitazama jua iliyorushwa mwaka 2010, na hapo ndipo ninapokaa sana. Kwenye ramani ya sumaku, ncha moja huonekana nyeupe na nyingine nyeusi. Kundi la madoa, yaani sehemu za jua zenye giza na sumaku kali, ambalo kila ncha imekaa upande wake kwa kawaida huwa tulivu. Leo, katika kundi lililochomoza juzi ukingoni mashariki, viini viwili vya ncha tofauti vimebanana ndani ya kivuli kimoja cha kijivu, umbo liitwalo delta. Ukubwa pekee haunishtui, lakini delta inayozidi kusokotana hulimbikiza nishati, na kundi 13664 la Mei 2024, lililolipuka kwa daraja la X mara kadhaa ndani ya siku chache, lilikuwa la namna hiyo.

Saa nne natuma tahadhari kwa watumiaji wa redio za mawimbi mafupi. Naandika asilimia tu, maana eksirei za mlipuko, ndizo zinazozima redio hizo, husafiri kwa mwendo wa mwanga, dakika nane hivi, na chombo kinapouona mlipuko tayari umeshatufikia.

Saa saba mchana, jua likiwa karibu na utosi, mstari wa setilaiti ya GOES, inayopima eksirei za jua, ukapanda ghafla hadi M5. Simu ya mtumiaji mmoja wa redio ikalia.

“Mzee, Moroto hawasikiki kabisa.”

“Panda masafa ya juu kidogo, kijana wangu. Ya chini ndiyo yanayomezwa zaidi na ya juu hurudi mapema.”

Saa tisa na nusu alasiri inakuja taarifa ya pili ya Boulder. Nakagua pia picha za SOHO, chombo kingine cha kulitazama jua, kuona kama mlipuko umetupa wingu la gesi, kwa kuwa hilo huchukua siku moja hadi tatu kufika, na hapo onyo huwa na nafasi. Hakuna wingu. Kwa kesho naongeza uwezekano wa daraja la M, kwa kuwa delta haijalegea, kisha namkabidhi zamu mwenzangu.