Olorgesailie: Jiwe Jeusi Lisilo la Hapa

Ukishaipita Kona Baridi, barabara ya Magadi inaporomoka kuingia Bonde la Ufa, na kila kona joto linazidi. Kutoka Nairobi hadi Olorgesailie, eneo la mabaki ya watu wa kale nchini Kenya, ni kama kilomita 70 tu, lakini nilifika shati limenigandama mgongoni.

Nilikwenda kuona mashoka ya mawe. Wanaakiolojia Mary na Louis Leakey waliyakuta mwaka 1942 yametapakaa ardhini, na mengi yameachwa palepale. Unayatazama ukiwa juu ya njia ya mbao. Ya kale zaidi yana takriban miaka milioni 1.2. Nikapiga picha, kisha, niseme ukweli, nikachoka. Shoka la hamsini ni lilelile la kwanza.

Mzee aliyenitembeza aliona natazama saa. "Njoo mwanangu," akasema, akachuchumaa na kuchora duara vumbini kwa kijiti. "Hawa wa mashoka walitumia zaidi mawe ya karibu. Sasa sikiliza ya waliokuja baadaye."

Katika tabaka za miaka 320,000 hivi iliyopita kumepatikana vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo na kukata kama wembe. Kwa asili, jiwe hilo Olorgesailie halipo. Lilitoka kilomita 25 hadi 50, tena pande mbalimbali. Akachora mistari kuelekea kwenye duara.

"Nani alikwenda kulichukua?" nikauliza.

"Au nani alilileta?"

Watafiti waliotangaza matokeo hayo mwaka 2018, wakiwemo Rick Potts na Alison Brooks, wanaona hapo dalili za makundi kubadilishana vitu. Zama hizo mvua na ukame vilipokezana bila mpangilio, na wanyama wakubwa wengi walikwisha kutoweka. Maji yakikauka kwako, ni heri uwe na mtu ng'ambo anayekufahamu.

Mimi nilibisha: mtu mwenye miguu mizuri anakwenda na kurudi mwenyewe. Mzee akacheka, akanitajia rangi. Palepale kulipatikana madini mekundu na meusi ya kutengenezea rangi. Hapo nikanyamaza. Aliyekuona tangu utotoni hahitaji rangi ili akutambue; anayeihitaji ni yule mnayekutana mara moja kwa msimu.

Naingia garini, nikamwona amechuchumaa tena, anawachorea wanafunzi duara lilelile.