INR imetulia, na mchicha haujaondoka mezani

Kipimo cha juzi cha INR, yaani namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda: 2.9. Kilichotangulia: 3.1. Kwa mwenye valvu ya moyo ya chuma, ile ya mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), anayetakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5, hizo ni namba za kufanyia sherehe, na nimeifanya: pilau, kachumbari, na kibakuli cha mchicha pembeni. Huo mchicha ndio habari yenyewe.

Mliofuata kumbukumbu hii mnaijua grafu yangu. Masika inaporomoka hadi 1.7, kila mtu anaogopa bonge la damu kwenye chuma. Kiangazi inapaa hadi 4.6, nikipiga mswaki fizi zinatoa damu. Vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, siruki, kisanduku cha siku saba ni shahidi. Dozi ikipandishwa, mwezi unaofuata namba imepitiliza, ikipunguzwa, imezama. Ilinichosha kuliko upasuaji wenyewe. Muhimbili, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, walinifungua kifua wakanifunga, basi. Hii ya INR haina "basi".

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa maabara. Kile kichupa cha kifuniko cha bluu kina sitrati ndani (kemikali inayozuia damu isigande), na kimepimwa kipokee sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati. Kikijazwa nusunusu, sitrati inazidi na INR inasomeka juu kuliko ilivyo. Siku hizi nauangalia ule mstari kama mnunuzi wa karafuu anavyoangalia mizani. "Dada, samahani, bado haijafika mstarini." Wananijua sasa, wengine wananikimbia. Nikaamua pia kupima maabara moja tu, asubuhi. Ilisaidia kidogo, mabonde na milima ikabaki.

Ndipo nikaongeza safu ya "mboga" kwenye daftari. (Kuhusu daftari: nimejaribu programu za simu, nimejaribu Excel, nimerudi kwenye daftari la kaunta na kalamu ya wino mwekundu. Simu inakufa chaji. Programu nazo zinakuuliza kuhusu brokoli na kale, hakuna hata moja inayojua kisamvu.) Nilipoziweka safu mbili sambamba, INR na mboga, sikuhitaji hesabu yoyote. Masika hapa Tanga matembele yanaota mpaka njiani, tunakula mchana na usiku. Kiangazi kikikaza, fungu la mchicha linakuwa dogo na bei inapanda, tunahamia maharage na dagaa. INR yangu ilikuwa inafuata mvua.

Warfarini inazuia ini kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini hiyo ini halitengenezi vizuri vigandishi vya damu. Ukila majani mengi unaliletea ini vitamini mpya, dawa inazidiwa. Ukiacha ghafla, dawa inatawala. Kuchemsha na kumwaga maji hakusaidii, kwa sababu vitamini K haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo kisamvu cha nazi kinaipeleka mwilini vizuri kabisa, na mimi nakipenda hivyohivyo.

Shangazi yangu ana suluhisho tangu mwanzo: "Mwanangu, achana na majani kabisa." Nampenda Shangazi, ila kuacha kabisa ndiko kunakoharibu. Mwili unabaki bila akiba, halafu siku moja ya harusi ukila sahani ya matembele namba inaanguka. Dawa inapangwa kufuata chakula, chakula kikae palepale. Kwa hiyo: kibakuli kimoja kilekile cha plastiki, mboga iliyopikwa, kila mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Kliniki wakapanga dozi juu ya kibakuli hicho: miligramu 6 siku nne, 5 siku tatu. Hiyo ni yangu, msiinakili, kila ini na mambo yake. Wakasema pia tusikimbizane na namba, maana badiliko la leo linaonekana vizuri baada ya siku mbili tatu au zaidi.

Kukata vidonge kwa wembe nimeacha, nusu hazilingani hata kidogo. Sita yangu ni kidonge cha 5 na cha 1.

Safu nyingine yenye faida ni "dawa za nje". Flajili na septrini zinapandisha INR vibaya. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha. Diklofenaki na aspirini za dukani zinaongeza hatari ya kutoka damu hata namba ikiwa nzuri. Hata panadoli ukiinywa mfululizo siku kadhaa, namba inapanda. Sindano ya penisilini ya kila mwezi naendelea nayo, maana mafindofindo ya utotoni ndiyo yaliyoharibu valvu yangu na kunifikisha hapa na sitaki yarudie kazi.

Jirani aliposikia jina la dawa akashtuka: "Si sumu ya panya hiyo?" Ndiyo. Iliuzwa kuulia panya tangu 1948, chanzo chake ni ng'ombe wa Marekani waliokuwa wakivuja damu baada ya kula majani yaliyooza, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Na anayekuambia kuna vidonge vipya visivyohitaji vipimo, mwambie si kwa valvu za chuma. Dabigatrani, kimoja cha hivyo vipya, ilijaribiwa kwa watu kama sisi, jaribio likasimamishwa, matokeo yakatoka 2013: mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko warfarini.

Nilipanga sehemu hii iishie kwenye chumvi na matembezi ya jioni. Vitangoja, kwa sababu nimegundua simu inaweza kurekodi mlio wa valvu. Mnajua ule mlio wa "tik" usiku kitanda kikiwa kimya. Nikaweka simu chini ya titi la kushoto, nikaifungua rekodi kwenye Audacity (programu ya kompyuta inayoonyesha sauti kama mchoro), na kila tik imesimama kama mwiba. Nafasi kati ya miiba inaonyesha mapigo yasiyo sawa vizuri kuliko kidole mkononi. Tena mlio ukififia ghafla au ukapotea, hasa pumzi ikibana, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, kwa hiyo kuwa na rekodi ya siku njema ya kulinganishia si mchezo.

Tatizo ni feni. Ikiwaka inafunika kila kitu, ikizimwa ni Tanga, najua mwenyewe nitakavyolala. Nimejaribu kuifunika simu kwa kanga iliyokunjwa, nafuu kidogo. Mwenye valvu ya aota (ile ya mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni) aturekodie yake nione miiba inakaa wapi, na aseme simu aliiegemeza wapi.