Siku moja gereji Kizota: Fielder iliyosingiziwa kifo na Caldina iliyokuja ikitembea

Saa 12:40 asubuhi. Mwezi wa saba Dodoma baridi ya asubuhi inakata masikio, lakini nawahi gereji kabla ya vijana kwa sababu moja: giaboksi ya automatiki nataka niikute haijawashwa. Ikishapata moto, dalili nyingine zinajificha.

Inayonisubiri ni Toyota Fielder ya mwaka 2004, ile ya gia nne za automatiki. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wanne. Walikuwa wanatoka msibani Manyoni, gari limejaa watu na mabegi, walipopita Bahi taa ya O/D OFF, ile ya gia ya juu, ikaanza kupepesa kwenye dashibodi. Kuanzia hapo kila gia ikiingia inapiga teke, na ya nne haiingii kabisa. Wakafika mjini injini inaunguruma na mafuta yanakwenda. Gereji ya kwanza aliyopita walizunguka nayo mtaa mmoja, wakamwambia giaboksi imekufa, atafute ya mtumba.

Nachomoa kijiti cha oili, napangusa kwenye tishu nyeupe. Nyekundu, imefifia kidogo, hainuki kuungua, haina chengachenga. Hapo tayari nina mashaka na hukumu ya wale wenzangu. Klachi zikiungua oili inageuka nyeusi na harufu unaipata kabla hujainamisha kichwa.

Saa 1:30. Dogo wangu amefika. Shikamoo, marahaba, leta vigingi vya matairi. Tunaiwasha mpaka ipate joto, napitisha leva kwenye gia zote, narudi P, ya kuegesha, napima oili tena injini ikiwa inaunguruma. Kwa hizi Toyota zenye kijiti ndivyo inavyopimwa. Ukipima imezimwa utaona imezidi au imepungua, uongeze au upunguze bure. Hii iko sawasawa kwenye alama ya HOT.

Kutoka N, gari likiwa huru, kwenda D, ya kwenda mbele, tangu unavuta leva mpaka usikie gari limeshika, Toyota wanataka isizidi sekunde 1.2. Kwenda rivasi isizidi 1.5. Dogo anahesabu kwa saa ya simu, mimi navuta. Zote zimo ndani. Halafu jaribio ambalo watoto wa gereji wanalipenda kupita kiasi: breki ya mguu mpaka chini, hendibreki juu, D, kanyaga mafuta yote, usizidishe sekunde tano. Klachi zikiwa zimechoka, injini inapiga resi kama iko N. Hii iligoma kupanda, ikabanwa. Klachi nzima. Na sitaki kumwona mtu amesimama mbele ya gari wakati huo, nimeshafukuza mtu gereji kwa hilo.

Ndipo nachomeka mashine ya kusoma hitilafu. P0717: kompyuta haipati taarifa kutoka kwenye sensa ya mzunguko wa shafti inayoingia giaboksi. Sasa hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Fundi anaona namba, anaagiza sensa. Namba haijasema sensa mbovu. Imesema taarifa haifiki, na kati ya sensa na kompyuta kuna waya na soketi njia nzima. Kompyuta isipojua shafti inazunguka vipi haiwezi kupima gia imeshika lini, kwa hiyo inabana kwa nguvu na kuifunga gia ya nne ili isiharibu kitu. Mateke yote yale ni giaboksi inayojilinda.

Saa 2:20. Chapati, maharage, chai ya rangi. Mama wa chai anataka kujua lini namlipa ya wiki iliyopita. Leo jioni, mama.

Saa 3:00. Tunatoa betri na sinia lake, maana sensa imekaa chini yake juu ya giaboksi. Napima sensa yenyewe: ohm 612. Ya aina hii ikiwa baridi inatakiwa iwe kati ya 560 na 680. Nzima! Napima upande wa kompyuta, mita haisomi kitu. Waya umekatika mahali.

Betri ndiyo iliyotoa siri. Mtu alimfungia kubwa kuliko nafasi yake, akaibana kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kwenye mabonde inacheza, asidi inadondoka, na inadondokea wapi kama si kwenye soketi ya sensa. Nimeifungua kwa bisibisi ndogo. Pini moja imevaa unga wa kijani, nilipoigusa ikabaki kwenye ncha ya bisibisi. Waya nyuma yake, chini ya plastiki, ni mweusi mpaka sentimita nne hivi ndani. Unakata mpaka uone shaba inayong'aa, unaunga soketi kutoka gari la kukata, unachomelea kwa lehemu, kila waya na mpira wake wa kubana kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia selotepu mimi sifanyi. Vumbi la hapa litaingia, na mwezi wa kumi na mbili mvua itamalizia.

Saa 4:30. Katikati ya lehemu inaingia Caldina ya mzee kutoka Bahi, mkulima wa mpunga. Yeye namsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, baba."

"Mbukwa, mwanangu. Mimi sina kazi kubwa. Inateleza kidogo nikipanda tuta. Niongezee oili tu, nimekuja nayo." Ameshika chupa ya lita moja.

Nimevuta kijiti. Oili imekuwa mtindi wa stroberi, na mapovu juu. Sikusema neno. Nimefungua mfuniko wa rejeta, ilikuwa imepoa, nikamwonyesha mafuta yanaelea.

"Baba, rejeta unatia maji gani?"

"Ya kisima. Ndiyo tuliyo nayo."

Maji ya visima huku kwetu yana chumvi, kila mwenye birika analijua hilo. Kwenye Toyota kama hii oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta, kuna kibomba kimelala kwenye tangi la rejeta, oili ndani yake, maji nje yake. Chumvi na kutu vikila kibomba hicho, kazi imekwisha. Ukizima gari likiwa na moto, rejeta bado ina presha, maji yanasukumwa kwenye oili. Na klachi za giaboksi ni sahani za chuma zilizobandikwa ngozi laini kwa gundi. Maji yanakula gundi. Ikigundulika siku hiyo hiyo unaweza kuosha na kuosha tena ukapona. Mzee anasema inateleza tangu mavuno.

Nimemwomba aiache nifungue sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, mchana kabla ya kusema lolote kubwa.

Saa 7:15. Ugali na mlenda, haraka, tumesimama.

Saa 8:00. Sampo ya Caldina chini. Kwenye sumaku za ndani tope laini la kijivu ni jambo la kawaida, kila giaboksi iliyotembea inalo. Haya yalikuwa mengine: vipande vya ngozi ya klachi, vingine vikubwa kama ukucha, vimekusanyika kwenye chujio mpaka limeziba. Mzee ameokota kimoja, akakikunja, kikakatika.

"Hii ndiyo inayovuta gari?"

"Ndiyo hiyo, baba."

Njia mbili. Kuishusha na kubadili klachi zote, sili, toki konvata pia, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa oili, kwa sababu imebeba uchafu ule ule, au kufunga ya mtumba. Kwa umri wa gari lake na spea zinavyopatikana, mtumba utamtoka nafuu. Akakubali haraka, akaongeza, "Rejeta tutaendelea nayo kwanza."

Hapo nilikataa, kwa adabu lakini nilikataa. Giaboksi mpya juu ya rejeta ile itapata mtindi ule ule kabla ya Krismasi, na atakayelaumiwa ni fundi. Kama hela ya rejeta nzima haipo, tunaziba njia ya oili ya zamani na kufunga kipoozeo kidogo cha pembeni mbele ya rejeta, rejeta yenyewe inaoshwa mpaka mafuta yaishe na kutiwa kulanti badala ya maji ya kisima. Alinyamaza, kisha akaomba ampigie mwanawe Dar.

Saa 9:40. Fielder imefungwa, betri ya saizi yake na kikamatio cha chuma. Nafuta ile namba ya hitilafu, natoka na mwalimu pembeni yangu barabara ya Singida kuelekea Nala. Ya kwanza, ya pili, laini. Ya tatu. Nimelegeza mafuta kidogo, ya nne ikaingia bila kishindo, na tukishachanganya vizuri mshale wa resi ukashuka tena hatua moja: toki konvata imejifunga. Mwalimu anaangalia taa ya O/D OFF, siyo barabara.

"Kwa hiyo giaboksi haikufa?"

"Haikuumwa hata, mwalimu."

Nilimshauri tubadili oili maana hajui ilibadilishwa lini. Wapo wanaosema oili ya automatiki ni ya maisha. Kwa joto na vumbi hili mimi nabadili kila kilomita 40,000, na ya Fielder hii naweka T-IV, oili ya Toyota, siyo yoyote nyekundu iliyopo dukani. Ukifungua nati ya chini zinatoka lita tatu hivi, nyingine inabaki kwenye toki konvata, kwa hiyo tumefanya moja leo na atarudi baada ya wiki mbili kwa ya pili. Bei amelalamikia ya lehemu. "Waya tu, fundi?" Nimepunguza kidogo, amelipa kwa simu.

Saa 12:15 jioni. Mama wa chai kalipwa. Dogo anafagia.

Saa 2:00 usiku. Mtoto wa mzee anapiga kutoka Dar, amepata giaboksi, muuzaji anataka atume hela usiku huu. Nimemwambia asitume. Anipigie picha kibati cha namba kwenye giaboksi yenyewe, picha ya soketi za waya, na ya kijiti baada ya kupangusa kwenye tishu. Picha mbili zimeingia. Ya kijiti bado, muuzaji anasema tishu hana.